Dani, Nimewataja Wenye Miwa

Mpendwa Dani, nyanya yangu,

Kuna jambo ambalo mpaka juzi sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kila jioni nikitoka shule, hapa Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, ninakoishi na Anko Ouma, mimi husimama kwenye ua wa jirani wakati anachanganyia ng'ombe wake nyasi na molasi, ule uji mweusi mtamu unaobaki sukari ikishatengenezwa. Hujifanya nafunga kamba za viatu. Ukweli ni kwamba nanusa. Ni harufu ya kiwanda cha sukari cha kule nyumbani, chini ya milima ya Nandi, ile iliyoshika leso zako hata zikifuliwa. Nanusa mpaka ng'ombe wananitazama, kisha naenda zangu.

Unakumbuka likizo ile miwa yetu ilipokatwa na trekta la kiwanda likakosa kuja? Uliketi juu ya lundo kando ya barabara, mwavuli mkononi, ukilinda. Jua lilikausha miwa, na miwa ikikauka hupungua uzito, na wewe ulilipwa kwa uzito. Mimi nilikuwa chini yako nikisoma. Ukauliza kitabu kinasema nini. Nikakusomea jinsi chachu inavyogeuza molasi kuwa ethanoli, spiriti inayoweza kuchanganywa na petroli ikaendesha gari.

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Kwa hivyo hilo trekta linaweza kunywa miwa yangu, na bado lichelewe?"

Nilikueleza kwamba trekta hutumia dizeli. Hukujali. Uliwaambia wapita njia maneno yako hayo mpaka jioni.

Tangu tukuzike, shamba liko mikononi mwa Anko Ouma, na Anko, unajua, moyo wake uko kwenye bodaboda yake. Mwezi jana alisema miwa haina faida, ataing'oa yote apande mahindi kabla ya mvua. Nilimwambia serikali inafikiria kuweka ethanoli ya miwa kwenye petroli, na kwamba kutakuwa na mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi hapa Eldoret. Akasema sawa, twende tusikie. Kama ni maneno matupu, anang'oa.

Ukumbi ulijaa waendeshaji boda wenye wasiwasi juu ya injini zao. Mmoja aliuliza, pikipiki ikianza kulewa, polisi watapima yeye ama tangi? Watu walicheka sana, Anko kuliko wote. Afisa aliyekuja kueleza mpango huo alicheka pia, kisha akajibu kwa upole. Alisema ethanoli itakuwa kidogo na injini zitapimwa kwanza. Viwanda vitapata soko la pili, na nchi itapunguza kununua mafuta ya nje. Alitaja viwanda, madereva na vituo vya mafuta. Nilingoja akutaje wewe, mkulima. Hakukutaja.

Unanijua, Dani. Darasani nikijua jibu huliandika pembeni ya daftari badala ya kuinua mkono. Lakini siku hiyo niliinua. Nilisimama na sare yangu ya shule, na nyuma yangu mtu akasema, "Ongea, dokta." Nikasema mimi ni mjukuu wa mkulima wa miwa. Nikawaeleza habari ya lundo, mwavuli na jua. Kisha nikauliza nilichokuja nacho.

"Kiwanda kikiuza sukari, halafu kiuze na ethanoli kutoka kwa miwa ile ile, mkulima atalipwa kwa zote mbili ama kwa moja?"

Yule aliyeuliza juu ya polisi na tangi akamgeukia afisa. "Huyo amesema. Hiyo ndiyo ujibu."

Afisa alikiri kwamba mpango haujafika hapo. Akaniomba nirudie polepole, akaandika. Mzee mmoja mwenye miwa upande wa Nandi akasimama akasema swali hilo ni lake pia, na wengine kama yeye wakaanza kusimama, mmoja hapa, mwingine kule. Sikujua tuna watu wengi hivyo humu mjini. Wote walikuwa wakisimama nyuma yako.

Tulipotoka, Anko alinigeukia penye pikipiki. "Umeongea kama yeye," akasema, akimaanisha wewe. Baadaye kidogo, akivaa helmeti: "Mahindi inaweza ngoja msimu mmoja."

Sijui kama mpango utapita, wala kama jibu litakuwa zuri. Msimu mmoja si mrefu. Lakini najivunia kuwa wako, na sasa najua kusema hivyo mbele ya watu.

Jumamosi tulishuka nyumbani. Tulikusanya majani makavu tukayalaza katikati ya mistari, tukapalilia visiki vinavyochipuka, na palipokuwa na mapengo tukapanda vipande vipya. Jumapili tukarudi Kapseret. Jioni ya Jumatatu nilisimama kwenye ua wa jirani, nikaacha kamba za viatu zilivyo. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nanusa molasi, kwa sababu nyanya yangu alilima miwa. Akanisogezea ndoo ya molasi.

Pumzika, Dani. Miwa yako iko safi.

Mjukuu wako,
yule wa vitabu