Pikapu Yako Haivuji Tena, Mama

Mama,

Pikapu imekauka. Nalitanguliza hili kabla ya salamu kwa sababu nakujua, ungenikata kauli: "Salamu baadaye, gari vipi?" Imekauka, Mama. Wallahi, hata tone halidondoki.

Tangu tukuzike, nyumba ya Likoni imekuwa na kimya nisichokizoea. Hakuna anayegonga masufuria asubuhi, hakuna anayeimba akichagua mchele. Pikapu ilikaa uani chini ya turubai, na chini yake kile kidimbwi cheusi cha oili kilichokuudhi miaka yote. Ulipika harusi za watu kutoka huku hadi Shanzu, na kila ulipofika na chakula ulishuka wa kwanza, si kusalimia, bali kutandika kipande cha boksi chini ya injini usije ukawachafulia ua. Watu walicheka. Ulicheka nao, lakini macho yako niliyaona.

Kaka Salim alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, Changamwe. Usimkasirikie. Kila akipita uani akaiona, ilikuwa kama anakuona wewe halafu hakuoni. "Yavuja sili ya nyuma," alisema, "ule mpira wa kuzuia oili; haina dawa ila injini ishushwe." Ndivyo mafundi wote walivyokwambia hata wewe. 

Ndipo akaja Zuhura.

Huyu yatima wa jirani uliyemlea kwa sahani yako, ulimwahidi siku ya harusi yake utampikia wewe, na chakula utakipeleka kwa mkono wako hadi kwa wakwe zake, Jomvu Kuu. Harusi ilikuwa imekaribia. Alikaa nami kibarazani, tukazungumza hili na lile, chakula hakukitaja. Aliona haya kuuliza. Alipoinuka kwenda zake nikamwambia, "Zuhura, Mama alisema atapika. Chakula kitapikwa, na kitakuja na pikapu yake." Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Akanikumbatia, akalia, nami nikalia.

Salim akaniuliza, "Na biriani la watu likikwama njiani?" Tukakubaliana: pikapu ikienda Jomvu Kuu bila kuvuja, yabaki. Ikivuja, amwite mnunuzi wake, nami sitasema neno.

Nilimwita Katana, yule fundi aliyekuwa akikutengenezea breki. Naye aliinama, akachungulia, akasema wimbo ule ule: sili ya nyuma. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, Katana. Mama hakutafuta tundu la sufuria kwenye masizi. Aliisugua kwanza." Akanitazama, akacheka, akavua saa yake. Tukaiosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, mimi upande huu yeye upande ule, mpaka rangi ya chuma ikaonekana. Ikakauka. Nikaipaka poda ya mtoto, juu, ubavuni, hadi nyuma inakoshikana na giaboksi. Ungeiona ungecheka, ilikuwa kama maiti aliyetayarishwa. Tukaiwasha, tukakodoa macho.

Mwanzoni kule chini poda ilibaki nyeupe, Mama! Mstari mwembamba mweusi ulianzia juu, kwenye kona ya nyuma ya ule mfuniko mkubwa wa injini, ukateremka taratibu nyuma ya injini, ukafika chini mahali pale pale wote walipopaita sili. Miaka yote tulitazama oili ilikofikia. Hakuna aliyetazama ilikotoka.

Gasketi ya mfuniko, ule mpira wa kuziba ukingo wake, tuliikuta ngumu kama ganda la muhogo lililoanikwa. Katana akatia mpya. Nikaiendesha hadi njia panda ya Diani na kurudi, nikiimba. Nilipofika nyumbani nikachungulia. Yavuja. Pale pale.

Nilikaa juu ya sufuria lako kubwa uani nikalia, si kwa ajili ya gari tu, wajua mwenyewe. Salim alipita, akaniona. Alikuwa ameshashinda. Lakini aliniletea maji ya kunywa.

Katana aliporudi alikuwa amekasirika kana kwamba pikapu imemtukana. Akaiwasha, akafungua kifuniko cha kutilia oili, moshi ukamrukia usoni puu, puu, puu. "Injini hii haipumui!" akapiga kelele. Kuna paipu nyembamba ya kutolea pumzi ya injini. Akaichomoa, ndani mlikuwa na kitu cheusi kizito kama halua. Pumzi ilikosa njia, ikawa inaisukuma oili nje kwa nguvu, na gasketi mpya nayo ikasalimu amri. Tukaizibua paipu, tukaisafisha, tukatia gasketi nyingine. Nikaweka kiganja juu ya tundu la oili: pumzi shwari, kama ya mtu aliyelala.

Siku ya harusi nilipika kwa vipimo vyako, yaani kwa macho. Masufuria yakapandishwa, Salim akakaa kando yangu na kanzu yake nyeupe, sikio kwa injini. Tulipita barabara mpya ya Dongo Kundu. Kwenye mlima ule kabla ya daraja nilishika usukani hadi vidole vikafa ganzi, lakini ikapanda, Mama, ikapanda bila kukohoa! Juu ya daraja Salim akaanza kuimba wimbo wako wa kuchagua mchele. Sikujua kuwa anaujua.

Tulipofika Jomvu Kuu alishuka kabla yangu, akatandika boksi. Watu wakala, wakaongeza, shangazi wa bwana harusi akauliza mpishi ni nani. Ndipo Salim akalala chini kifudifudi na kanzu yake ile ile, akalivuta boksi, akaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. "Kavu! Kavu, jamani!" Wanawake hawakujua anashangilia nini, lakini wakapiga vigelegele. Nilivipokea kwa niaba yako.

Mnunuzi wa vyuma alipopiga simu, Salim alimjibu, "Samahani, gari liko kazini." Jumamosi hii tuna harusi Kisauni, na yeye ndiye atakayekuna nazi. Amenuna, lakini atakuna.

Mungu akunawirishie kaburi, Mama, akupe makazi mema. Mimi nakuahidi hivi: maadamu nina mikono, msichana asiye na mama katika mtaa huu hataolewa bila biriani. Nitampikia, na nitampelekea mwenyewe hadi mlangoni.

Lala salama, kipenzi changu. Mchele wa Jumamosi unaningoja niuchague.

Mwanao,
Mwanasha