Gari la Kukupokea Uwanja wa Ndege

Kaka,

Huku hatujambo, ila mama hagusi chakula kwa kukungoja tangu ulipotua. Barua hii nimeiacha mapokezi ya hoteli yako kwa sababu simu zangu hupokei.

Ungesema umekodi gari la kukupokea, nisingempeleka mama uwanja wa ndege. Alivaa viatu vipya vinavyombana, akasimama karibu na dereva aliyeshika kibao chenye jina lako. Akamwambia, "Unayemsubiri ni mwanangu." Dereva akampisha mbele.

Ukatoka na mabosi wako. Mama akakuita kwa jina lako la utotoni. Ukampa dereva begi.

Dereva akasita. "Bosi, mama yako huyu hapa."

"Amenifananisha," ukasema, ukapanda gari.

Kama ulimwonea aibu, ungenikonyeza tu, ningemwondoa taratibu.

Mama hasikii vizuri siku hizi, neno lile halikumfikia. Anawaambia majirani kwamba watu walikuwa wengi, hukumwona. Nimemwacha aamini hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimemshika mkono, na ulinitazama usoni.

Njoo umwombe radhi, hata kama ni kwa kutomwona tu, kabla hujasafiri.

Ni mimi, bado dada yako.