Pistoni ya Baba Mkwe

Shoga, nimetoka kutambulishwa ukweni sasa hivi. Mikono inanuka mafuta!

Baba mkwe hakuniuliza hata jina. Aliniwekea mezani injini ya kigari chake cha kuchezea, kile cha kutia mafuta, ndogo kama kiberiti. "Si wewe fundi? Ilichemka ikazima. Nani kaiua?"

Nikaizungusha kwa kidole. Pistoni nzima ikifika juu hukaza. Hii ikapita tu, kama mlango usio na komeo.

Nikamwambia pistoni imelika, aliyeiendesha aliibania mafuta.

Kumbe anayeiendesha ni yeye peke yake, na miezi mitatu anamlaumu mkewe kwamba aliiua kwa kuipangusa vumbi. VUMBI, shoga!

"Basi hakuna ndoa," akasema baba mkwe.

Kwa sababu ya KIGARI!

Mama mkwe akanishika mkono, akamnyooshea mumewe kidole. "Ndoa ipo, mwanangu. Huyu ndiye hatuna hakika naye."