Viti vya Baraza

Mjukuu wangu Zubeda, bibi yako wa Koboko nakusalimu. Mama yako amepona malaria, na muhogo tumeshauanika.

Unauliza baraza ni nini. Zamani chifu aliita wanaume wazungumze mambo ya mji, kila mmoja akabeba kiti chake kutoka nyumbani. Serikali ilipoanguka, askari wageni wakapita wakitangaza: “Kesho baraza iko. Kila mutu akuje na kiti yake.” Babu yako akavaa kanzu safi, akabeba kiti, akaenda. Jioni wanawake tuliitwa tukachukue viti. Viti tu.

Mwalimu wako mjibu kwamba baraza ni mkutano, atakupa maksi. Kiti cha babu yako nakifuta vumbi kila Ijumaa, na hakuna anayekikalia.