Kwa Nini Baba Hataki Kwenda Tena

Chumba cha Nyuma ya Bekari,
S.L.P. 318,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, mjomba na binamu zangu wote wawili. Goti lako linaendeleaje? Mama ameniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za wodini huku umeshika ukuta, na tangu nisikie hivyo nimeliwaza goti hilo mara nyingi. Tafadhali uwe unakaa chini wagonjwa wakipata usingizi, hata kama hakuna aliyekuambia ukae.

Sisi hatujambo. Mama amezidiwa na kazi ya kushona sare za shule, cherehani haipoi. Mdogo wangu Kifungo ameng'oka jino la mbele na analionyesha pengo kwa kila mteja, hata kwa wasiouliza. Mimi naendelea na masomo.

Nimechelewa kukuandikia, Shangazi. Ulitupa siku nne katika nyumba ya mapumziko kule ziwani, ukaomba kitu kimoja tu: tukuandikie yote, na hasa tukuambie kama kaka yako alilala. Wiki tano zimepita. Nimeianza barua hii mara nne na kuichana mara nne, kwa sababu kila nikikaa najikuta nalieleza ziwa. Kulieleza ziwa hakuniumizi popote.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo na ni haki yako kuyajua. Mama alipumzika. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti kirefu kando ya bwawa la kuogelea akiwa ameshika mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Siku ya pili mkoba ulibaki chumbani. Siku ya tatu alilala mchana kweupe, mdomo wazi, na mhudumu akamsogezea mwavuli bila kumwamsha. Sijapata kumwona mama amelala jua likiwaka.

Kifungo naye alipata ya kwake. Kulikuwa na dada wa michezo aliyewakusanya watoto wadogo kila baada ya chai: mbio za magunia, kuteleza kwenye bomba mpaka majini, kupakwa rangi usoni. Kifungo aliomba awe simba. Rangi ya njano ikaisha katikati, ikabidi upande wa pili awe pundamilia, na alikataa kunawa mpaka siku ya kurudi. Mama akasema, "Nilikuja na mtoto mmoja, narudi na mbuga nzima."

Sasa baba. Unajua mwenyewe kwamba kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiamka saa kumi alfajiri kuwasha tanuri. Macho yake hayakujua kwamba tuko mapumzikoni. Alfajiri ya pili alikwenda jikoni kuomba maji ya moto, akamkuta mpishi akigombana na unga uliokataa kuumuka. Baba akanawa mikono. Basi, ikawa hivyo. Alikanda mpaka chai ikaandaliwa, kisha akarudi kwetu amechangamka, ananuka hamira, akaenda kumrusha Kifungo bwawani. Mama alimtania: "Mume wangu huyu hata peponi ataomba zamu." Baba akamjibu kwamba kukanda bila oda, bila mteja anayegonga dirisha, kwake hiyo ndiyo likizo.

Nayaandika haya kwa sababu wiki iliyopita uliacha ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama, nasi sote tuliusikiliza. Ulikuwa umeambiwa kwamba siku mbili za mwisho kaka yako hakukaa nasi mezani hata mara moja, alikula jikoni na wapishi, na kwamba Desemba ukitualika tena hatakwenda. Ukasema, "Mwambieni huyo mkate mkavu abaki na tanuri lake, kama anaona kupumzika ni dhambi na zawadi yangu ni takataka." Baba alicheka. Alisema, "Mdogo wangu ana haki, ndivyo nilivyo." Mimi nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi.

Si kweli kwamba ndivyo alivyo, Shangazi. Mimi ndiye sababu.

Mimi pale sikuwa na mahali pangu. Kwa mbio za magunia nilishakuwa mkubwa, kwa viti virefu nilikuwa bado mdogo. Lakini barazani kulikuwa na rafu ya vitabu, na siku ya pili, mbele ya rafu, nilimkuta msichana wa chumba namba saba, rika langu, anasoma huku akila kucha kama mimi. Walikuwa wamefika asubuhi hiyo, na milo ya siku hiyo waliletewa chumbani, kwa hiyo alikuwa hajawaona watu wa kwetu. Unanijua nilivyo mzito wa kuanza mazungumzo. Yeye ndiye aliyeanza. Tuliongea vitabu mpaka chakula cha mchana, tukaongea tena mpaka jioni. Mama yake anafundisha chuo kikuu, na baba yake ni mwanasheria. Aliponiuliza wa kwangu anafanya kazi gani, nilisema, "Anashughulika na vyakula." Akaitikia, "Oo, biashara," nami sikumsahihisha. Hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Asubuhi ya tatu tulikuwa wawili kwenye meza ya chai. Mama alikuwa bado anavaa. Mlango wa jikoni ukafunguka, baba akatokea na aproni ya watu, unga mpaka kwenye viwiko, unga mwingine kwenye nyusi, amebeba sinia la mikate. Alikuwa anatabasamu tangu mlangoni. Mikate hiyo alikuwa ameisuka kama nywele, jambo ambalo hapa kwetu hana muda nalo, na nilijua amenifanyia mimi. Yule msichana akaninong'oneza, "Huyo mzee mbona anakutazama wewe tu? Unamjua?"

Nikasema, "Simjui. Ni mwoka mikate wa hapa."

Baba alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Tabasamu halikuondoka usoni, lakini lilibadilika, likawa lile analowapa wateja. Akasema, "Karibuni, mabinti. Imetoka motoni sasa hivi, angalieni msiungue." Mimi, ambaye yeye huniita "mama" kwa sababu nimebeba jina la mama yenu! Akaweka sinia, akarudi kinyumenyume kidogo, kama wahudumu wanavyofanya.

Hayo hayakutosha. Kifungo akaja mbio kutoka nje na sura yake ya simba na pundamilia, anapiga kelele, "Baba! Baba, njoo uone!" Baba akamnyanyua kabla hajafika mezani, akamwekea kidole mdomoni, akaingia naye jikoni kwa mlango wa wafanyakazi. Msichana akacheka, "Kumbe wanakuja na watoto wao kazini." Nami nilicheka, Shangazi. Baba alikuwa amemficha mwanawe ili uongo wangu usivunjike, na mimi nilicheka.

Tangu saa hiyo hakukaa tena mezani. Alimwambia mama kwamba wapishi wamemshika, wanataka awafundishe kusuka mikate, na Kifungo akawa anakula naye huko huko. Alikuwa ananipisha. Kila mlo niliitazama ile nafasi yake karibu na mama, na yule msichana alikaa meza ya pili na wazazi wake, na nilichotakiwa kufanya ni kusimama, kwenda jikoni, na kumshika baba mkono. Hatua hazikuzidi ishirini. Nilikuwa na siku mbili za kuzitembea.

Huku nyumbani hajanigusia hata siku moja. Bado ananiita mama, bado ananiwekea mkate wa pembeni wenye ganda gumu ninaoupenda. Angenigombeza ningepata pa kushika. Muhula uliopita niliandika insha juu ya methali "Mkataa kwao mtumwa," nikapata alama ishirini na nane juu ya thelathini, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Baba aliibandika ukutani karibu na mizani. Ingali pale. Kila nikipita naangalia sakafu.

Shangazi, sikuandikii ili unitetee, wala usimpigie simu baba kumwambia kitu. Nakuomba tu uondoe hasira yako juu yake. Hakuitupa zawadi yako. Aliipenda sana kwa asubuhi moja na nusu, halafu mimi nikamnyang'anya. Na Desemba hatakwenda kwa sababu anafikiri atanitia aibu mbele za watu, ilhali aibu ni yangu. Kama nafasi ni chache, mpe yeye yangu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu. Niliona kwamba nikiituma hivi, nitakuwa nimemsema baba kwa mtu wa mbali huku yeye yupo upande wa pili wa ukuta akiosha masinia. Kwa hiyo nimekwenda kumsomea. Nimeisoma yote nikiwa nimesimama mlangoni, kuanzia goti lako. Baba hakuacha kuosha, ila aliosha sinia moja tu muda wote huo.

Nilipomaliza akasema, "Kuna kitu umeruka."

Nikamwambia sijaruka.

"Umeruka. Nilipoweka sinia, ulisema neno."

Ni kweli, Shangazi. Nilitumaini hakulisikia, au nilitumaini nimelisahau. Mara zote nne nilizoichana barua hii sikuliandika. Baba alipoweka mikate yake mezani, nilimwambia bila kumtazama, "Asante, mzee. Weka hapo, unaweza kwenda." Hakuna aliyenilazimisha. Msichana alikuwa ameshageukia chai yake. Nilitaka tu nionekane mtu aliyezoea kuhudumiwa.

Baba akasema, "Lile la 'simjui' nililielewa. Hata mimi nilipokuwa shuleni nilimkwepa baba yangu na baiskeli yake ya mkaa, muulize shangazi yako. Ila hilo la 'unaweza kwenda' nimelala nalo, mama. Liandike."

Nimeliandika. Ameniambia nimsomee tena sehemu hiyo, nikasoma, akatikisa kichwa kukubali, kama anavyofanya uzito ukisimama sawa kwenye mizani. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Amesema kumwambia mama ni kazi yangu, na nisingoje Kifungo anitangulie, maana Kifungo anakumbuka kile kidole mdomoni na siku yoyote atauliza kilikuwa cha nini. Nitamwambia mama leo, akiinuka kwenye cherehani.

Kisha akanirushia kitambaa, tukafuta masinia yote yaliyobaki, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Tulipofika la mwisho alisema, "Huyo rafiki yako, alikula ule mkate au alikuwa anapiga domo tu?" Nikamwambia alikula vipande vitatu. Akasema, "Basi ana akili."

Msalimie sana mjomba. Binamu mkubwa mwambie kile kitabu alichoniazima kiko salama, na binamu mdogo mwambie Kifungo anamsubiri waoneshane mapengo. Mama anakusalimu, hajajua ninachokuandikia, lakini barua hii ikikufikia atakuwa anajua.

Baba naye anakusalimu. Kuhusu Desemba sikuthubutu kumuuliza. Lakini sasa hivi, nikiwa natafuta bahasha, amechungulia mlangoni na kunituma nikuulize maswali mawili: kwanza, kama bado unamkumbuka babu na ile baiskeli, pili, kama zile meza za kule ziwani zinatosha watu wanne, kwa sababu safari hii, anasema, yeye hali na wapishi.

Mungu akulinde katika zamu zako, alipe nguvu goti lako, na akurudishie kila usingizi unaowaachia wengine.

Ni mimi, binti wa kaka yako, mwenye aibu nyingi na anayekupenda.