Kichwa cha Mwalimu

2 Machi

...basi mteja kaingia akanikatisha, nilikuwa nakwambia habari ya yule mwalimu wa chekechea. Lakini hujambo, mwanangu? Mie mzima, magoti tu yananisuta. Mwalimu anakuja saluni kabla sijafagia, tunafunga mlango, anavua wigi. Nywele zote zimenyonyoka! Kichwa yai la kuchemsha, hata mume hajui. Nimecheka, nimelia, vyote pamoja. Usimwambie mtu!

Huo ukurasa wetu wa saluni unaoniendeshea mtandaoni vipi, watu wanauona?

Shangazi yako

5 Machi

Shikamoo shangazi, pole na magoti. Mimi sijambo. Ukurasa ulikuwa umelala. Watu wamechoka na picha za misuko, wanataka kuulizwa nao wachangie. Juzi nimeuliza swali moja, wamejibu mia tisa! Kaa mkao wa kupokea wateja.

Mwanao

14 Machi

Marahaba. Afya yako sikuulizi leo, maana ninachemka. Muuza vitambaa wa mlango wa pili kanisomea swali lako: "Mteja wetu, mwalimu wa chekechea, kichwa yai la kuchemsha, mume hajui. Mngemshauri nini?" We mtoto! Maneno yangu yenyewe, hata hukuyabadilisha nguo! Na chini yake tangazo la mafuta ya kuotesha nywele!

Wazazi wamemjua. Mtoto kamwambia darasani, "Mwalimu, vua tuone." Toka siku hiyo haendi kazini. Mia tisa wanacheka huko, huku kiti changu kinakaliwa na paka. Wateja wakipita hapa wanashika vilemba kama mie kimbunga. Nimekunong'oneza wewe, damu ya kaka yangu, ukanipigia tarumbeta!

Shangazi

15 Machi

Shikamoo. Swali nimelifuta, shangazi. Nisamehe. Ila mwalimu hakuniambia mimi.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, u mzima? Mie siku tano nimekaa na kijibu chako kama mwiba wa samaki kooni. Nimekuandalia matusi mazuri, nikayameza. Umeniuza, hilo silifuti. Lakini bei nilikutajia mwenyewe, mdomo wangu huu.

Jana nimekwenda kwa mwalimu. Hakufungua. Nikasema na mlango: ni mie niliyesema, mwanzo ni mie. Nikarudi.

Sasa nataka hapo ukurasani uandike kwamba

Ngoja. Mwalimu yuko nje ya saluni, kichwa wazi, juani, mume kamshika mkono. Anaita: "Msusi! Hebu toka!"