Umeme Unaotikisika Gesima

Baba Moraa wangu,

Juzi niliitwa Gesima, kwenye kile kiwanda cha chai ulichokifungia sola. Taa zilikuwa zimeanza kucheza tena. Umeme unapanda, unashuka, unapanda, na feni za kunyaushia majani zinakoroma ovyo. Meneja alikuwa ameshabadilisha balbu zote. Ungemcheka mpaka ukae chini.

Nilikumbuka tulivyohangaika na umeme huo pamoja mara ya kwanza, wewe kwenye swichi, mimi kwenye kompyuta nikitazama mchoro wa umeme ukipanda na kushuka. Ulizima inverta zinazogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kiwandani, moja baada ya nyingine, kila mara ukiniuliza nimeona nini. Fundi aliyeitwa kabla yetu alikuwa ameziongezea zote kasi ya kujirekebisha, akidhani ndiyo dawa. Laini ya stima ni ndefu na hufika kule ikiwa dhaifu, kwa hiyo inverta moja ikirekebisha, ya pili inashtuka na kurekebisha tena.

"Mama Moraa," ukasema, "hakuna yenye imeharibika. Zote zinataka kusaidia wakati moja."

Ukazipunguza kasi kidogo kidogo, mchoro ukatulia. Tulirudi Kisii tukila ndizi garini, nawe unaringa kweli kweli. Mwezi uliofuata, wewe ukatutoka.

Sasa wameongeza paneli na inverta mpya. Nilizima moja moja, jinsi ulivyonifunza, nikapata jibu nisilolitaka. Mpangilio wako haufai tena. Inverta zako sasa zilipaswa kuushikilia umeme zenyewe, ziache kuifuata laini dhaifu ya stima. Nikapima upya. Nikaomba chai, nikapima tena, na majani ya wakulima yanaharibika mbele yangu. Nguo zako nilishazigawa, na kwenye meza yako kazini ameketi mwingine. Zile namba za mpangilio ulizoziingiza kwa mkono wako ndizo zilizokuwa zimebaki zikifanya kazi kila siku, bila wewe. Nilizionea uchungu, Baba Moraa. Namba tu.

Meneja aliniuliza taratibu kama kuna shida. Nikamwambia hakuna, nikazifuta namba zako, nikaingiza mpya.

Taa zikatulia, feni zikashika mwendo mmoja, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nakuzika mara ya pili, na safari hii hakuna aliyejua anishike mkono.

Kwaheri tena,

Mkeo,
Mama Moraa